Kulia Nako ni Kusali

Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, mama mdogo wangu alichemsha chai, akaifunika, akashuka bandarini kumpokea mumewe. Baba mdogo alikuwa anatoka Bukoba na mikungu yake ya ndizi, na MV Bukoba ilizoea kufika Mwanza mapema. Siku hiyo haikufika. Ilipinduka ikiwa njiani, ikazama, na watu zaidi ya 800 wakafa. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma. Wengine hawakutoka majini kabisa. Mpaka leo mama mdogo hajui mumewe yuko upande upi.

Nimeanza na yeye kwa sababu karibu yote nitakayokushauri hapa nilijifunza kwake kwanza, vitabuni baadaye.

Siku za matanga nyumba ilifurika. Kila aliyeingia alikuwa na neno. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Usilie sana, utakufuru. Waliyasema kwa upendo, nami sina ugomvi nao. Lakini matanga yalipoanuliwa, mama mdogo aliacha kwenda kanisani, na aliacha kwa zaidi ya mwaka. Tulidhani imani imemwishia. Miaka mingi baadaye aliniambia ukweli: alikuwa anaona haya. Alikuwa na hasira na Mungu, na wote waliomzunguka walikuwa wamemfundisha kwamba mbele za Mungu mtu huenda na shukrani tu. Sasa yeye aende na nini?

Ndugu yangu unayesoma, huenda shida yako si ya meli. Huenda ni nyavu na mtumbwi vilivyokwenda na mkopo bado unadaiwa, au sangara uliokuwa ukiwapata kwa usiku mmoja sasa unawatafuta wiki nzima. Huenda ni mtoto aliyeondoka kwenda mgodini na simu yake haipatikani tena. Huenda ni majibu ya vipimo uliyoyakunja ukayaficha chini ya godoro. Vyovyote iwavyo, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikimbilie kushukuru. Lia kwanza, na ulie mbele za Mungu, usijifiche pembeni ukidhani kilio chako kitamchukiza.

Silisemi hili kutoka kichwani mwangu. Fungua Zaburi. Ziko 150, na karibu theluthi yake ni malalamiko: mtu anamuuliza Mungu mpaka lini, anamwambia umenisahau, anamweleza jinsi kitanda kilivyolowa machozi. Waliokusanya kitabu hicho wangeweza kuyaacha nje wakabaki na nyimbo za sifa peke yake. Waliyaweka ndani yaimbwe hekaluni, hadharani. Ayubu naye alilaani siku aliyozaliwa, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale marafiki waliokuwa wakimtetea kwa maneno mazuri mazuri, siyo Ayubu aliyelalamika.

Lakini habari inayotugusa zaidi sisi wa pwani ya ziwa ni ile ya mashua. Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake kilomita 21 hivi. Katika ziwa letu, Ghuba ya Speke peke yake ingelimeza. Ila limezungukwa na vilima, na upepo hushuka juu yake ghafla, kama ule unaowakuta watu wetu kati ya Ukerewe na Ukara saa ambayo maji yalikuwa kioo. Wanne kati ya waliokuwa ndani ya mashua ile walikuwa wavuvi wa kuzaliwa. Mvuvi akiogopa ziwa, anaogopa kitu anachokijua. Basi wakamwendea Yesu aliyekuwa amelala kwenye shetri, wakamwamsha kwa swali ambalo leo tungelikemea katika ibada: walimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia.

Sasa angalia mpangilio wa mambo, kama Marko anavyousimulia. Yesu hakuanza kwa kuwauliza imani yao iko wapi. Aliamka, akaukemea upepo, ziwa likatulia, ndipo alipowauliza. Kwanza dhoruba, swali baadaye. Sisi mara nyingi tunaanzia kwenye swali. Mtu bado anameza maji, nasi tunamkagua imani. Na kama wewe ndiye unayemeza maji, usikubali kukaguliwa. Mwamshe aliyelala. Hata kumwamsha kwa ukali ni kukiri kwamba unajua yumo ndani ya mashua.

Utaniuliza, nalia vipi mbele za Mungu? Nitakwambia linavyofanyika. Chagua saa moja ya siku, isiyobadilika. Wengi wenye majonzi huteswa zaidi na saa mbili usiku, watu wakishatawanyika, au na saa kumi alfajiri. Chukua hiyo hiyo saa inayokutesa. Kaa, usipige magoti kama mwili hauna nguvu. Sema jina la Mungu, kisha sema jambo lako kama lilivyo, kwa lugha uliyonyonyeshwa nayo. Kama ni Kisukuma, sema Kisukuma. Kama ni Kikerewe au Kijita, hivyo hivyo. Maneno ya ibada ni mema, lakini kuna uchungu usiojua Kiswahili sanifu. Ukimaliza, nyamaza kidogo, kisha malizia na Baba Yetu, kwa sababu hiyo tumepewa tayari na haidai utunge kitu. Dakika kumi zinatosha. Siku nyingine utasema sentensi moja ukaishiwa. Hiyo ni sala kamili.

Jambo la pili ni watu.

Baada ya miezi kama mitatu, nyumba ya mama mdogo ilikuwa tupu. Wafiwa wote wanaujua utupu huo. Rambirambi zimekwisha, ndugu wa mbali wamepanda basi, majirani wana mambo yao. Hapo ndipo alipotokea bibi mmoja wa jumuiya yao, mjane wa siku nyingi. Alikuja Alhamisi mchana, akasalimia, "Mwadila, mayu," akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Alichambua mpaka ukaisha, akaaga. Alhamisi iliyofuata akarudi. Hakutaja Biblia. Hakuuliza kwa nini hatumwoni kanisani. Mama mdogo anasema ilipita miezi kabla hawajazungumza juu ya marehemu, na aliyeanza alikuwa yeye mwenyewe, bila kuombwa.

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema kabla hawajaharibu: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipokosea.

Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kanisa, walitaka kanisa lifike mahali padre hawezi kufika kila siku, yaani uani kwako. Walutheri, AIC, Waanglikana na Wapentekoste nao wana mikutano yao ya nyumba kwa nyumba. Ukiwa na shida usijitoe huko, hata kama huna sauti ya kuimba wala moyo wa kusali. Nenda ukae. Wengine wakisali wewe ukasikiliza tu, umebebwa, kama wale wanne walivyombeba mwenzao aliyepooza wakampitisha darini. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Wale waliobeba.

Na kama wewe ni kiongozi wa jumuiya, nakuomba kitu kimoja cha kufanya. Nunua daftari. Andika tarehe ya kila msiba na kila janga katika jumuiya yako, kisha hesabu mbele: mwezi wa tatu, mwezi wa sita, mwaka. Siku hizo mtu aende. Aende na kilo ya unga au ndoo ya maji, kwenye vilima vyetu vya Mabatini na Igogo ambako kupandisha ndoo kati ya mawe ni kazi inayommaliza hata mzima. Aulize kama watoto wamelipiwa michango ya shule. Hotuba aiache nyumbani.

La tatu nalisema kwa haraka, ila usilipite. Huzuni inaweza kugeuka ugonjwa. Mtu asiyelala wiki kadhaa, asiyekula, anayehisi kwamba heri asingekuwepo, huyo anahitaji maombi na anahitaji daktari, vyote viwili, tena daktari asisubirishwe. Waganga wa hospitali wanaiita sonona, na ina tiba. Tazama juu, Bugando. Hospitali ile ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa kwa kanisa mwaka 1985. Waliotufundisha kusali ndio hao hao waliopandisha mawe na saruji juu ya kilima ili wagonjwa watibiwe. Anayekwambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, mwonyeshe kilima.

Maana wapo wanaosema hivyo, na dhiki ndiyo shamba lao. Mwaka 2011 maelfu walisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kutafuta kikombe cha dawa cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, na wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni ile. Wengi walitoka huku kwetu Kanda ya Ziwa. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sitamhukumu hata mmoja wa waliokwenda. Mtu anayezama hushika hata jani. Ninachokusihi ni kupima kabla ya kushika. Je, faraja hii ina bei? Inapanda bei kadiri shida yako inavyokuwa kubwa? Inakutaka uache dawa, uwaache ndugu zako, usimwambie mtu? Basi ondoka. Yesu alipolisha watu kando ya ziwa hakuna aliyetangulia kukata tiketi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa ada ya muhula mzima ya mwanangu ili niombewe jambo lililokuwa likinikosesha usingizi, na jambo lilibaki pale pale, mtoto akakaa nyumbani. Aliyeipokea simtaji. Nimeshasamehe, ila nasema ili wewe usirudie.

Sasa tufike kwenye kusudi, kwa sababu faraja peke yake haimtoshi binadamu. Mtu aliyefarijiwa bado ataamka kesho na kuuliza, niamkie nini?

Vijana wengi huniuliza kuhusu kusudi kana kwamba ni barua iliyopotea posta, na siku wakiipata watasoma kila kitu ndani. Wanafunga, wanakesha, wanasubiri ndoto. Sikatai kwamba Mungu husema katika ndoto. Lakini kwa niliyoyaona, kusudi huja likiwa dogo, linalotosha kiganja, na hukua kadiri unavyolifanya. Petro na wenzake, baada ya msiba mkubwa kuliko yote, hawakujua la kufanya. Walirudi ziwani. Walivua usiku kucha bila kitu. Alfajiri wakatupa wavu tena kwa neno lake, wakapata, na walipofika nchi kavu wakamkuta aliyefufuka amewasha moto wa makaa ufukweni, ameweka samaki na mkate, na bado akawaambia walete na samaki wao. Chakula kilikuwepo tayari. Hakuwa na haja ya samaki wao. Aliwaomba kwa sababu mtu aliyeshindwa usiku kucha anahitaji kuombwa kitu.

Huku kwetu yupo mzee mmoja ambaye maisha yake nayatazama sana ninapochoka. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alizaliwa mwaka 1896, akabatizwa, akasoma seminari ya Rubya mpaka akajua Kilatini. Alimwoa Anna mwaka 1919. Nyumba yao haikubaki na mtoto. Mnajua maana yake hapa kwetu, hasa zamani hizo: ukoo mzima unakusukuma uoe mwingine. Hakuoa mwingine. Badala yake alikaa Kagunguli akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wanaopendana huku wakihangaika kupata mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akihofia kwamba mila na maneno ya watu wake yatapotea. Aliimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyeichapa. Padre Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyemtia moyo, alifariki katika miaka ya 1950. Mzee hakukata tamaa. Akaifasiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House iliichapa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia.

Miaka 35 ya kusubiri, na hakushika kitabu mkononi. Je, kusudi lake lilitimia? Muulize mtoto wa Nansio anayesoma leo namna babu zake walivyovua, walivyoganga na walivyoposa. Kitereza hakuona mavuno, ila kila asubuhi ya miaka ile aliamka akiwa na ukurasa wa kuandika. Nadhani ukurasa ule ndio uliombeba, kuliko ndoto ya kitabu.

Kwa hiyo tafuta ukurasa wako. Uwe mdogo. Uwe na siku na saa. Na uwe unamhusu mtu mwingine, kwa sababu shida humkunja mtu ndani kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Yapo makazi ya wazee kule Bukumbi, mahali ambapo Mapadre Weupe walifika mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda. Nenda mara moja kwa mwezi umkate kucha mzee asiye na mtu. Kama wewe ni fundi, mfundishe kijana mmoja bila malipo. Kama unaanika dagaa mwaloni, mtazamie na mwenzako dagaa wake mvua inapotanda, yeye akiwa kliniki. Ukiwa hoi kabisa, chagua jina moja tu la mtu wa kumwombea kila siku, umtumie na ujumbe kumjulisha.

Na kama unaweza kufungua kinywa, jiunge na kwaya. Nalisema hili kwa mkazo kuliko yote. Sisi wa Usukumani tumelima kwa nyimbo na kuzika kwa nyimbo tangu kabla ya kanisa kufika, na kanisa lilipofika likakuta sauti ziko tayari. Mazoezi ya kwaya yanakupa vitu ambavyo mwenye majonzi amevipoteza bila kujua: saa ya kutoka nyumbani, pumzi ndefu, mtu wa kulia na wa kushoto wanaokutegemea usiimbe juu ya wenzako. Hata siku huamini maneno unayoyaimba, sauti ya nne inayaamini kwa niaba yako mpaka Jumapili ifike. Tena usiogope kusema kwamba hujui kusoma nota. Hujui leo, baada ya Pasaka utajua.

Ndivyo alivyorudi mama mdogo. Bibi yule wa Alhamisi alimwambia siku moja, akiwa bado na ungo mapajani, kwamba sauti ya pili kwenye kwaya yao imebaki na wanawake watatu, na mmoja ana kikohozi. Hakuongeza neno. Mama mdogo alikwenda kusaidia wiki mbili. Mwaka huu ni zaidi ya miaka 25 yuko hapo, na ndiye anayewafundisha wageni.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara ikiwa na watu waliotoka gulioni Bugolora, na 228 wakafa, nilimpigia simu jioni. Niliogopa ataumwa. Alikuwa anafunga khanga na unga kwenye mfuko wa salfeti. Nilimuuliza atakwenda kuwaambia nini. Akanijibu kwamba haendi kusema. Kule kutakuwa na vyombo vya kuosha.

Sikuambii kwamba amepona. Hasemi hivyo yeye mwenyewe. Akiona meli inaingia bandarini bado hugeuza uso, na swali alilomuuliza Mungu mwaka 1996 hajajibiwa. Huliuliza bado, saa kumi alfajiri, kwa Kisukuma. Kilichobadilika ni kwamba sasa analiulizia ndani ya nyumba ya Mungu.

Kila Mei 21 huamka mapema, akabeba jembe dogo na chupa ya maji, akapanda daladala la Igoma. Kwa kuwa hajui kaburi la mumewe ni lipi, huchagua safu moja aliyoiacha mwaka uliopita, akaanza kupalilia kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Mwaka jana nilikwenda naye. Tulipofika katikati aliniambia niimbe sauti ya kwanza, yeye atachukua ya pili.